Chuo Kikuu Si Duka



Siku hizi twasikia maneno mapya juu ya vyuo vikuu. Ati mwanafunzi ni mteja, somo ni bidhaa, na idara isiyoleta fedha ifungwe. Sisi tuliofundishwa kazi ya ualimu, na tunaopita matawini kila juma, yatupasa kuyajibu.

Tuanze nyumbani. Tarehe 25 Oktoba 1961 chuo kikuu cha kwanza cha Tanganyika kilifunguliwa Dar es Salaam, katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba. Kilikuwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi hawakufika ishirini. Uhuru ulikuwa bado majuma sita. Je, mfanyabiashara gani angefungua chuo cha namna hiyo? Angepiga hesabu ya mishahara na vitabu, akaigawa kwa vijana wale wachache, kisha angefunga mlango. Lakini nchi ilihitaji wanasheria wake yenyewe, nasi hatukungoja faida.

Sasa tumtazame jirani. Mwaka 1992, hazina ya Serikali ya Uganda ilipokuwa haitoshi, Makerere ilianza kupokea wanafunzi wa kujilipia ada. Tuseme haki: fedha ziliingia, na walimu wakapata nyongeza. Lakini idara nazo zikaanza kugombania wanafunzi kama wachuuzi sokoni, kila moja ikibuni masomo ya kuuzika, na madarasa yakafurika. Profesa Mahmood Mamdani alieleza habari hizo katika kitabu chake cha mwaka 2007.

Mtatuuliza, "Fedha zitoke wapi?" Swali hilo si la mzaha. Chuo kiweke hesabu safi, na shilingi isipotee. Mwenye uwezo alipe. Hata mikopo, kama ile ya Bodi ya Mikopo iliyoanza kazi nchini mwetu mwaka 2005, hatuipingi: kijana akipata kazi arudishe, ili mwenzake naye asome. Tunalolikataa ni bei kuchagua nani aingie na somo gani liishi. Mkulima wa pamba wa Shinyanga hulipa kodi kila anunuapo sabuni. Basi naye ni mwenye chuo. Mwanawe akifaulu mtihani, asirudishwe mlangoni kwa sababu ya mfuko wa baba yake. Na mwalimu wa fizikia aendaye kufundisha kijijini haleti faida katika daftari la chuo. Faida yake iko kwa watoto wa kijiji kile.

Basi, Mbunge akija katika mkutano wa tawi, tumwulize mambo mawili. La kwanza: watoto wangapi wa wilaya hii walifaulu wakakosa kwenda chuo kwa ajili ya fedha? La pili: bajeti ijayo itafanya nini juu yao? Tusitawanyike mpaka ajibu.