Gari Hulia Lini? Mazungumzo kwa Wakazi wa Kata Kuhusu Breki, Usukani na Beringi za Magurudumu



Wilaya za Nachingwea na Ruangwa huishi kwa magurudumu. Haikuwa hivyo siku zote. Wakati wa mpango wa karanga ulioanza mwaka 1947, Nachingwea iliunganishwa na pwani kwa reli. Mpango ule ulikwama baada ya miaka michache, na reli nayo ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Tangu hapo kila gunia la korosho, ufuta na mbaazi, na kila mgonjwa anayekimbizwa Ndanda, Nyangao au Lindi, husafiri juu ya matairi. Kwa sababu hiyo uzima wa gari si shauri la mwenye gari peke yake. Ni shauri la kila anayepanda, anayepakia na anayetembea kandokando ya barabara.

Barabara nyingi za vijijini ni za udongo na changarawe. Wakati wa kiangazi vumbi hupenya kila mahali, na mawimbi ya barabara yaliyojipanga kama bati hutikisa kila kiungo cha gari. Wakati wa masika magari hupita katika tope na vijito. Kisha huja msimu wa korosho. Kuanzia mwezi Oktoba minada ya RUNALI huendelea, malori hushuka kwa barabara ya Nanganga na Mtama kuelekea Mtwara, na mvua za kwanza huanguka kabla mizigo haijaisha. Breki, usukani na beringi hujaribiwa zaidi katika siku zile zile ambazo gari halipewi nafasi ya kupumzika, kwa kuwa dereva anadaiwa hesabu na mwenye gari anahesabu safari.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Sehemu hizi tatu mara nyingi hutoa dalili kabla ya kushindwa kabisa. Ugumu ni kwamba dalili zake hufanana. Gari likitetemeka, huenda ni breki, huenda ni usukani, huenda ni tairi tu. Likivuta upande, sababu zaweza kuwa tano. Likiunguruma, wawili walio ndani ya gari moja hubishana sauti inatoka wapi. Hapo ndipo kubahatisha kunapoanza: kipuri kinaagizwa Masasi au Dar es Salaam, fedha inatumika, siku zinapotea, na ugonjwa unabaki pale pale.

Swali moja hupunguza kubahatisha huko kuliko chombo chochote cha gereji, nalo ni hili: lini? Je, ni wakati wa kukanyaga breki? Ni wakati wa kukata kona? Ni wakati mwendo unapoongezeka? Au ni wakati wote? Dereva anayeweza kulijibu swali hilo amemaliza nusu ya kazi ya fundi.

Dalili zinazokuja breki inapokanyagwa

Dalili ikitokea tu mguu unapogusa breki, mshukiwa wa kwanza ni breki zenyewe. Pedeli iliyo laini kama sponji huonyesha kwamba upepo umeingia katika mirija. Pedeli inayozama polepole huku mguu umeishikilia huonyesha kwamba mafuta yanavuja mahali fulani, au kwamba masta silinda imechoka kwa ndani. Jaribio lake ni rahisi: gari likiwa limesimama na injini inawaka, dereva akanyage kwa nguvu ya kawaida na kushikilia kwa nusu dakika. Ikizama, gari lisiondoke.

Pedeli ikiwa ngumu kama jiwe, tatizo huenda liko kwenye busta, kile chombo kinachoongeza nguvu ya mguu. Injini izimwe, pedeli ikanyagwe mara kadhaa mpaka iwe ngumu, kisha ishikiliwe huku injini ikiwashwa. Busta nzima huifanya pedeli ishuke kidogo injini inaposhika. Isiposhuka, busta au mpira wake una kasoro.

Gari likivutwa kushoto wakati wa kufunga breki, watu wengi hulaumu gurudumu la kushoto. Mara nyingi mkosaji ni la kulia, ambalo halishiki kwa sababu pistoni yake imekwama, au pedi zake zimelowa mafuta. La kushoto linafanya kazi yake peke yake. Usukani ukitetemeka wakati huo huo wa kufunga breki, diski zimechakaa bila kulingana. Mlio mwembamba wa kudumu huenda ukawa onyo kwamba pedi zinakwisha. Mkwaruzo wa chuma kwa chuma una maana kwamba zimekwisha.

Mafuta ya breki yanastahili neno la peke yake. Kimo chake kikishuka katika chupa, kuongeza mafuta si kutengeneza. Ama pedi zimelika, ama kuna mahali panapovuja. Tena mafuta haya hunywa unyevu wa hewa. Mafuta mapya ya daraja la DOT 3 hayachemki kabla ya nyuzi 205 za sentigredi, lakini yakishanyonya maji huweza kuchemka kwenye nyuzi 140. Lori lenye mzigo likishuka mteremko mrefu kwa breki tupu, joto hilo hufikiwa upesi. Mafuta yakichemka hutoa mvuke, na mguu hukanyaga mvuke badala ya breki. Ndiyo maana dereva mwenye busara huingia gia ndogo kabla ya kuanza kuteremka. Maji, maji ya sabuni au oili ya injini si mafuta ya breki: maji huchemka mapema na kutia kutu, na oili huvimbisha na kuharibu mipira ya ndani. Kuziba mrija wa gurudumu moja ili safari iendelee ni kuliondolea gari sehemu ya uwezo wake wa kusimama.

Kwa malori yenye breki za upepo, safari isianze kabla mshale wa upepo haujafika mahali pake. Injini ikizimwa na pedeli ikashikiliwa, mshale usishuke haraka. Ukishuka, utingo azunguke gari akisikiliza mahali panapofoka. Maji yanayokusanyika ndani ya matangi ya upepo yamwagwe kila siku.

Dalili zinazokuja kwenye usukani

Usukani unaozunguka kidogo bila magurudumu kufuata, au gari linalotangatanga barabarani na kumlazimisha dereva kulirudisha kila mara, huonyesha kwamba viungo vimelegea. Gari likiwa limesimama, mtu mmoja autikise usukani kidogo kidogo, kulia na kushoto, na mwingine aangalie tairodi na viungo vyake kutoka mbele. Kiungo kinachocheza kabla ya kusukuma kinachofuata ndicho kilichochoka. Usukani mzito humwelekeza fundi kwanza kwenye upepo wa matairi ya mbele, kisha kwenye mafuta ya usukani na mkanda unaozungusha pampu yake.

Gari linalovuta upande wakati wote, hata breki isipoguswa, lipimwe upepo wa matairi kabla ya jambo lingine lolote. Upepo ukiwa sawa, matairi mawili ya mbele yabadilishane nafasi, iwapo aina yake inaruhusu. Mvuto ukihamia upande wa pili, tatizo ni tairi, wala hakuna haja ya kununua kipuri. Usipohama, fundi aangalie mpangilio wa magurudumu, au breki inayobana bila kukanyagwa. Breki ya namna hiyo hujulikana kwa harufu ya kuungua na kwa rimu moja kuwa ya moto kuliko nyingine baada ya safari. Mkono usogezwe karibu na rimu bila kuigusa, kwani joto la diski huunguza.

Mtetemeko unaokuja kwa mwendo fulani na kupotea mwendo unapobadilika ni wa magurudumu yasiyo na uzito sawa. Chukua mfano wa Noah inayotetemeka baada ya siku ya mvua. Mwenyewe akiambiwa anunue beringi, atanunua, na mtetemeko utabaki. Laiti angeuliza kwanza ulianza lini, angekumbuka tope. Tope likikauka ndani ya rimu huharibu uwiano wa gurudumu, na dawa yake ni ndoo ya maji na brashi.

Dalili zinazokuja kwa mwendo

Beringi huliwezesha gurudumu kuzunguka juu ya ekseli kwa msuguano mdogo. Maji na mchanga vikipita kwenye sili, grisi huharibika na chuma huanza kulika. Sauti yake ni mngurumo unaopanda kadiri mwendo unavyopanda. Ili kuitenga na sauti ya injini, dereva akiwa mahali tambarare, palipo wazi na pasipo watu, aweke gia huru kwa muda mfupi. Mngurumo ukiendelea vile vile, hautoki kwenye injini. Ukibadilika gari linapotoka kwenye changarawe na kuingia kwenye lami, huenda ni matairi. Usipobadilika, beringi inashukiwa.

Kona huonyesha upande. Gari likikata kushoto, uzito huhamia kulia. Mngurumo ukizidi hapo, beringi ya kulia ndiyo ya kutazamwa kwanza. Lakini mlio wa tak-tak-tak unaosikika usukani ukiwa umekatwa mpaka mwisho ni wa jointi ya ekseli, si wa beringi.

Uthibitisho hupatikana gurudumu likiwa limeinuliwa. Gari liwe mahali tambarare, magurudumu mengine yazuiwe, na chini ya gari pawekwe stendi imara. Jeki peke yake haiaminiki, wala tofali, kwani hupasuka ghafla. Gurudumu lishikwe juu na chini, kisha litikiswe. Likicheza, msaidizi akanyage breki na litikiswe tena. Mchezo ukitoweka, beringi imelegea. Ukibaki, boljointi au kingpini ndiyo iliyochoka. Baadaye gurudumu la mbele lishikwe kulia na kushoto: mchezo wa upande huo mara nyingi ni wa tairodi. Mwisho lizungushwe kwa mkono huku mkono mwingine ukiwa juu ya springi. Mkwaruzo wa beringi husikika kwa vidole kabla ya masikio.

Beringi iliyoachwa huanza kwa kuunguruma, hufuata joto, kisha hukwama au kuliachia gurudumu. Gurudumu lililotoka kwenye lori halichagui mahali pa kwenda.

Wajibu wa kila mmoja

Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, hairuhusu gari bovu kutembea barabarani. Hata hivyo askari hawezi kuwa kila kijiji, na mwenye kusikia dalili ya kwanza ni yule aliye ndani ya gari.

Dereva aandike katika daftari ameona nini, lini, na kwa mwendo gani. Utingo, kila gari linaposimama, aangalie rimu na nati na anuse harufu. Mwenye gari akiambiwa kuna mngurumo, asimjibu dereva kwa kumkumbusha hesabu. Gharama ya siku moja ya gereji hulipika, lakini mguu wa mtoto aliyegongwa haulipiki. Fundi amwonyeshe mteja kipuri cha zamani na kumweleza kilivyochoka. Pedi zibadilishwe pande zote mbili za ekseli moja, na gari lijaribiwe polepole kabla ya kukabidhiwa. Abiria naye ana sauti. Maneno machache ya heshima, kama vile "Dereva, samahani, simama kidogo, kuna harufu ya kuungua huku nyuma," hayamvunjii mtu hadhi, na dereva mwema atashukuru.

Kabla gunia la kwanza la korosho halijapakiwa msimu huu, kila gari lijaribiwe: pedeli ishikiliwe nusu dakika, usukani utikiswe huku viungo vikitazamwa, na kila gurudumu liinuliwe na kutikiswa. Kazi hiyo haihitaji mashine ya mjini. Inahitaji watu wawili, jeki, stendi na uvumilivu wa kuuliza lini.