Somo juu ya kumpa mwenzi kiungo cha mwili

Katika somo lililopita tulinena juu ya ufufuko wa miili. Sasa tunaulizwa: mtu akizikwa pasipo mkono, au pasipo uso, atafufukaje? Swali hili si la mchezo. Mwaka 1998, katika mji wa Lyon huko Ufaransa, waganga walimwunga mtu mkono wa marehemu. Mwaka 2005, pale Amiens, walitwaa pua, midomo na kidevu cha marehemu, wakamshonea mwanamke aliyeraruliwa uso na mbwa wake.

Katika mji uleule wa Lyon, mwaka 177, wapagani waliwaua wafiadini, wakaichoma miili yao, wakatupa majivu katika mto Rhône, kusudi wasiweze kufufuka. Je, ni nani kati yetu anayesadiki kwamba walimshinda Mungu? Aliyetuumba kwa udongo hatashindwa kwa sababu ya mkono mmoja.

Wengine wanaogopa wasije wakakutana njiani na sura ya marehemu wao. Wasiogope. Ngozi na nyama hufuata mifupa ya yule aliyepewa, na sura inayotokea si ya marehemu, wala si ile yake ya zamani.

Lakini tusifiche shida yake. Aliyepewa hana budi kumeza dawa siku zote, mwili wake usije ukakikataa kiungo kigeni, na dawa hizo humpunguzia nguvu za kupigana na magonjwa. Yule mtu wa Lyon aliacha dawa, na mwaka 2001 mkono ule ukakatwa tena.

Mwaka 1956 Papa Pio XII alisema na watu waliojitolea kuwapa vipofu kioo cha jicho baada ya kufa kwao. Alitaka watu wafundishwe kwamba jambo hilo halivunji heshima ya maiti. Lakini waganga wasiitwalie maiti kitu bila ruhusa ya jamaa. Naye Papa Yohane Paulo II, mwaka 2000, alikataza viungo vya watu kufanywa biashara. Wala si halali kumharakishia mgonjwa kifo ili mwingine apone.

Basi, baba na mama, neneni jambo hili nyumbani mngali wazima, wana wenu wakisikia. Anayekubali aseme, asiyetaka aseme vilevile, maana ni zawadi, si amri.

Katekista awaulize wasikilizaji: ndugu yako akifa ghafula, je, unajua alitaka nini?