Ndigana Kali na Sindano Mbili

Jioni hii twapenda kuwaeleza ninyi wafugaji wa Magu, Misungwi, Sengerema na kandokando yote ya ziwa habari za kinga ya ndigana kali, ugonjwa uuao ndama wengi.

Ugonjwa huu huletwa na kupe wa rangi ya kahawia, apendaye kukaa sikioni. Ndiyo maana tezi iliyo chini ya sikio huvimba kwanza. Kisha homa hupanda, ndama hukohoa na kuhema, povu humtoka puani, naye hufa.

Kinga yake ilibuniwa na wataalamu wa Muguga, karibu na Nairobi, katika miaka ya 1960 na 1970. Vijidudu hai vya ugonjwa wenyewe, mchanganyiko wa aina tatu, huhifadhiwa katika mtungi wenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Ndama huchomwa vijidudu hivyo chini ya ngozi, karibu na sikio. Siku ile ile huchomwa sindano ya pili mnofuni, yenye dawa iitwayo oksitetrasaikilini. Hapo kwanza ilipasa kuichoma dawa zaidi ya mara moja. Baadaye ilipatikana namna ikaayo mwilini siku kadhaa, sindano moja ikatosha.

Sindano ya kwanza ni mwizi aingizwaye bomani. Ya pili ni kamba imfungayo mikono, walinzi wapate kumtambua uso. Dawa huvizuia vijidudu visizidi upesi, hata mwili ujifunze kupigana navyo.

Basi jihadharini. Kipimo cha dawa hufuata uzito wa mnyama. Mwenye kukipunguza, ili chupa moja itoshe ndama wengi, ameilegeza kamba. Ndama ataweza kufa kwa ndigana kali aliyopewa na bwana wake mwenyewe. Mwacheni bwana mifugo apime, wala msimpe ndama aliye mgonjwa.

Tena, kinga hii haizuii ndigana baridi, mkojo wa damu wala maji ya moyo, ambayo pia huletwa na kupe. Kwa hiyo msiliache josho.

Ndama aliyechanjwa vema hukingika, kwa kawaida, maisha yake yote. Hesabuni gharama ya sindano mbili, kisha hesabuni ng'ombe mmoja ni nini nyumbani: maziwa, mahari, ada ya shule, na nguvu ya kukokota jembe.