Jukwaa Kabla ya Kamera: Lupita Nyong'o na Kazi ya Mwigizaji



Tarehe 2 Machi 2014, huku kwetu kukiwa kunakucha siku ya Jumatatu, Lupita Nyong'o alipanda jukwaani mjini Los Angeles kupokea Oscar ya mwigizaji bora wa kike msaidizi. Alikuwa Mkenya wa kwanza kuipata tuzo hiyo kwa uigizaji. Wiki nzima magazeti yetu yaliandika juu ya gauni lake la samawati, juu ya weusi wa ngozi yake, juu ya baba yake mwanasiasa, na juu ya Wamexico waliodai kuwa ni wa kwao pia kwa sababu alizaliwa Mexico City. Swali moja halikuulizwa sana, nalo ndilo lililonileta mbele yenu jioni hii: mwanamke huyu alijifunza wapi kazi yake?

Mwenye haraka atajibu: Hollywood. Jibu hilo si kweli, na madhara yake nayaona kila mwaka kwa vijana wanaoingia idara yetu wakiamini kwamba mwigizaji ni sura iliyobahatika kuonwa na mtu mwenye kamera. Lupita alifika mbele ya kamera ya mwongozaji Steve McQueen mwaka 2012 akiwa tayari mwigizaji wa jukwaa. Na kila alipopewa nafasi ya kuchagua, alirudi jukwaani.

Nianze na Nairobi, lakini kwa njia ya mzunguko kidogo, kwa sababu hata mahali alipozaliwa panahusiana na historia ya majukwaa yetu. Mwaka 1976, Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo walipotaka kuonyesha tamthilia yao juu ya Dedan Kimathi katika Ukumbi wa Taifa wa Kenya, iliwabidi kupigania siku chache tu za kuutumia. Ukumbi wenyewe ulijengwa na wakoloni mwaka 1952, na miaka kumi na zaidi baada ya uhuru bado maonyesho ya kigeni ndiyo yaliyotangulizwa. Mwaka uliofuata, wakulima na wafanyakazi wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, walijijengea jukwaa la wazi kwa mikono yao wakaigiza Ngaahika Ndeenda kwa Kikuyu. Serikali iliyafuta maonyesho hayo, na kabla mwaka haujaisha Ngũgĩ alikuwa kizuizini. Mwaka 1982 polisi walitumwa kulibomoa jukwaa lenyewe. Hiyo ndiyo miaka ambayo wasomi wengi waliiona Kenya haikaliki. Mmoja wao alikuwa Peter Anyang' Nyong'o, mhadhiri wa sayansi ya siasa, aliyekwenda kufundisha Mexico. Binti yake alizaliwa huko tarehe 1 Machi 1983, na akarudishwa Nairobi angali mtoto mchanga.

Kwa hiyo mtoto huyu alikulia katika mji ambao jukwaa la umma lilikuwa limepigwa hadi likanyamaza. Lililobaki hai ni maigizo ya shule, pamoja na kumbi chache ambazo wakubwa hawakuziogopa. Mojawapo ilikuwa ya Phoenix Players, kampuni iliyoanzishwa na James Falkland katika miaka ya 1980, ikiwa na ukumbi mdogo kwenye barabara ya Bunge. Phoenix waliigiza kwa Kiingereza, na vichekesho vya Uingereza havikukosa katika ratiba yao. Walimu wangu waliwasema vibaya kwa hilo, na sitasema walikosea. Lakini Phoenix walikuwa na kitu ambacho kampuni nyingi zenye siasa safi kuliko zao hazikuwa nacho: tamthilia moja ikiisha, nyingine iko mazoezini, mwaka mzima. Taa ziliwaka, tiketi zikauzwa, na mwigizaji akajua kwamba kesho jioni atakuja tena kuyasema maneno yale yale mbele ya watu wengine.

Hapo ndipo Lupita alipoigiza Juliet akiwa na umri wa miaka 14. Kisha akacheza katika vichekesho viwili, On the Razzle na There Goes the Bride. Wasifu mwingi humtaja Juliet ukaviruka hivyo vichekesho. Mimi naviona vina uzito sawa, pengine zaidi. Kichekesho hakimpi mwigizaji mahali pa kujificha. Ukichelewa nukta moja kufungua mlango, hadhira haicheki, na kimya chao unakisikia pale pale. Somo hilo la kupima wakati halifundishwi kwa mdomo, na msichana wa sekondari alilipata kwa kusimama mbele ya watu waliolipa kiingilio.

Baadaye alikwenda Marekani kusomea filamu katika Hampshire College. Kwa muda alikuwa mtu wa nyuma ya kamera. Filamu ya The Constant Gardener ilipopigwa nchini Kenya, naye alikuwamo, akifanya kazi za utayarishaji, zile za kukimbia huku na huko. Amesimulia kwamba alimweleza Ralph Fiennes, aliyekuwa mwigizaji mkuu, kuwa angependa kuigiza, na Fiennes akamshauri aifanye kazi hiyo ikiwa tu anaona hawezi kuishi bila hiyo. Mwaka 2009 alitoa filamu aliyoiandika, kuiongoza na kuitayarisha mwenyewe, In My Genes, juu ya maisha ya watu wenye ualbino nchini Kenya. Mwaka huo huo watazamaji wa Afrika walimwona katika Shuga, tamthilia ya televisheni kuhusu vijana wa Nairobi na UKIMWI. Angeweza kuendelea na njia hiyo, tayari alikuwa na jina nyumbani. Badala yake akaenda tena darasani, miaka mitatu, katika shule ya maigizo ya Chuo Kikuu cha Yale.

Wanafunzi wangu huniuliza: miaka mitatu anafundishwa nini mtu ambaye tayari ana kipaji? Anafundishwa kupumua. Anafundishwa kuipeleka sauti hadi kiti cha mwisho bila kupiga kelele na bila kuichana koo, na anafundishwa kubeba sentensi ya Shakespeare yenye mistari minane hadi mwisho wake bila kuidondosha katikati. Anafundishwa kusimama kama mtu aliyebeba maji tangu utotoni, tofauti na mtu aliyebeba vitabu. Na anafundishwa kungoja. Mwaka wake wa kwanza pale, tamthilia ya Danai Gurira iitwayo Eclipsed iliigizwa katika ukumbi wa chuo hicho, na Lupita alikuwa mwigizaji wa akiba: anajifunza maneno yote, anahudhuria, lakini hapandi jukwaani ila mwenzake akiugua. Tamthilia hiyo tutairudia.

Kabla hajamaliza masomo alipewa nafasi ya Patsey katika 12 Years a Slave, filamu iliyotokana na kitabu alichokiandika Solomon Northup mwaka 1853 baada ya kuokolewa utumwani. Patsey aliishi kweli, huko Louisiana. Alikuwa akichuma pamba zaidi ya ratili 500 kwa siku, akiwashinda wanaume, na bwana wake alimsifu, akamtamani, akamtesa, yote kwa pamoja. Ni rahisi kumwigiza mtu wa namna hiyo kama jeraha tupu. Tazameni mikono ya Lupita katika filamu ile. Kuna mahali ameketi nyasini akisuka vitoto vya maganda ya mahindi, na vidole vyake vina ujuzi na raha ambayo hakuna aliyeweza kumnyang'anya. Kisha kuna tukio la sabuni. Patsey amekwenda shamba jirani kuomba kipande cha sabuni kwa sababu bibi yake anamnyima, anarudi, na bwana wake anamshutumu. Anajitetea. Sauti haiombi huruma, inadai haki ya mtu kuoga. Kinachofuata ni mapigo, na McQueen hakuyakatakata vipande vipande, aliiacha kamera izunguke kwa muda mrefu bila kukata. Mwigizaji aliyezoea kupigwa picha ya sekunde tano tano angepotea humo. Aliyezoea jukwaa anajua jinsi ya kuishi ndani ya wakati usiokatika.

Baada ya Oscar angeweza kudai nafasi yoyote. Alichofanya kwanza kinaeleza mengi. Alikubali kuigiza Maz Kanata katika Star Wars, kiumbe mdogo mwenye umri wa zaidi ya miaka elfu moja, ambapo mwendo wake na sauti yake vilichukuliwa na mitambo lakini mwili wake hauonekani kabisa. Alisema mwenyewe kwamba baada ya Patsey, ambaye mwili wake ulikuwa ndiyo hadithi nzima, alitaka kazi isiyohusu umbo lake. Halafu, mwaka 2015, akarudi kwa Eclipsed, safari hii si wa akiba tena.

Tamthilia hiyo inahusu wanawake watano katika vita vya Liberia, wanne kati yao wakiwa wamefanywa wake wa kamanda mmoja wa waasi. Wanaitana kwa nambari. Lupita alikuwa Msichana, wa nambari nne, anayekimbia kitanda cha kamanda kwa kushika bunduki, na kugundua kwamba bunduki nayo ina kitanda chake. Ilianza katika Public Theater mjini New York, kisha Machi 2016 ikahamia Broadway, ikawa tamthilia ya kwanza huko kuandikwa, kuongozwa na kuigizwa na wanawake weusi peke yao. Ilimletea uteuzi wa Tuzo ya Tony. Waandishi walimuuliza mara nyingi kwa nini nyota wa filamu ajishughulishe na mchezo mdogo kama huo. Alikasirishwa na swali hilo kiasi cha kuliandikia makala, na alikuwa na haki ya kukasirika.

Sitakaa sana juu ya Black Panther ya mwaka 2018, maana kila aliyemo ukumbini ameitazama. Queen of Katwe ya mwaka 2016 inastahili watazamaji zaidi kuliko iliowapata. Humo Mira Nair alimpa nafasi ya Nakku Harriet, mama wa Phiona Mutesi, bingwa wa sataranji kutoka mitaa duni ya Kampala. Ni mama mjane anayekosea, anayejivuna, anayeona kwamba mchezo wa mbao na vitunda unamwibia mtoto. Lupita hakumfanya mtakatifu. Na katika Us ya Jordan Peele, mwaka 2019, aliigiza wanawake wawili wenye sura moja, Adelaide na Red. Izimeni sauti mtazame mabega na shingo tu, na mtajua nani ni nani. Sauti ya Red, ile ya mkwaruzo, alisema aliitoa kwa watu wenye ugonjwa wa koo unaobana usemi. Wagonjwa wakalalamika kwamba ulemavu wao umefanywa kitisho, naye akawaomba radhi hadharani. Wahakiki wa filamu wa New York walimpa tuzo yao ya mwigizaji bora wa kike mwaka huo. Oscar hawakumteua hata.

Nafika sasa kwenye jambo ambalo lilinifanya nichague mada hii. Agosti 2025, ukumbi wa wazi wa Delacorte katika bustani ya Central Park ulifunguliwa tena baada ya ukarabati, kwa tamthilia ya Shakespeare ya Twelfth Night. Mwongozaji alikuwa Saheem Ali, mzaliwa wa Nairobi. Viola alikuwa Lupita. Pacha wake Sebastian aliigizwa na Junior Nyong'o, ndugu yake wa damu. Ndugu hao wawili, waliotenganishwa na ajali ya bahari na kutupwa nchi ya ugenini, katika onyesho hilo walikuwa na lugha yao ya nyumbani, na lugha hiyo ilikuwa Kiswahili. Maelfu ya watu wa New York, waliopata tiketi bila malipo kama ilivyo desturi ya ukumbi ule, walikaa chini ya anga wakasikia Kiswahili kikitoka katika kinywa cha Viola, bila mtu kukiombea radhi.

Nilifurahi, na furaha hiyo ilinipa kazi ya kufikiri. Sisi tulimkaribisha Shakespeare katika Kiswahili zamani. Mwalimu Nyerere alitoa tafsiri yake ya Julius Caesar mwaka 1963, akaisahihisha ikatoka upya mwaka 1969 pamoja na Mabepari wa Venisi. Samuel Mushi alitupa Makbeth mwaka 1968 na Tufani mwaka uliofuata. Mwaka 2012, mwaka ule ule Lupita alipohitimu Yale, waigizaji wa Afrika Mashariki walikwenda London wakaigiza The Merry Wives of Windsor kwa Kiswahili katika ukumbi wa Globe. Maandishi tunayo. Waigizaji tunao. Ni mara ngapi wanafunzi waliomo humu wameyaona yakiigizwa hapa nyumbani, kwa majuma mfululizo, na kampuni inayolipwa?

Phoenix Players wamefunga milango. Ukumbi mdogo uliompa Juliet wa miaka 14 jukwaa lake la kwanza haupo tena, na sikuona maandamano. Tunamtaja Lupita katika hotuba za kuhimiza vijana kuwa na ndoto, kisha kijana mwenye ndoto akitafuta mahali pa kufanyia mazoezi saa mbili usiku anakuta mlango wa chuo umefungwa kwa kufuli.

Mheshimiwa Makamu Mkuu wa Chuo, sina ombi la jengo jipya. Naomba ukumbi tulio nao ufunguliwe jioni, siku 6 kwa wiki. Naomba bajeti ya kuwalipa waigizaji 10 kwa mwaka mmoja, wahitimu wetu wenyewe, ili waonyeshe tamthilia moja huku wakifanya mazoezi ya nyingine, kama walivyofanya wale wa barabara ya Bunge, ila kwa Kiswahili. Na kama mtaniruhusu kuchagua ya kwanza, nachagua Nguzo Mama ya Penina Muhando, iliyochapishwa mwaka 1982, ambamo wanawake wa kijiji kizima wanahangaika kuisimamisha nguzo inayokataa kusimama. Ina nafasi za wanawake zaidi ya tamthilia nyingi tunazofundisha, na kila nafasi inamdai mwigizaji sauti yake, mgongo wake na akili yake. Wasichana 8 wa mwaka wa pili wameshaanza kujifunza maneno yake. Wanafanyia mazoezi chini ya mwembe ulio nyuma ya maktaba, na mvua za masika zinakaribia.