Maharage ya Sumbawanga Hayakurogwa



Jirani yangu hapa Sumbawanga alioa Dar es Salaam. Haukupita mwezi, nyumba ikaingia maneno. Bibi harusi anateleka maharage saa kumi jioni, saa mbili usiku bado magumu. Bwana akasema mke mvivu. Mke akajibu kwamba maharage ya huku yamerogwa.

Jina la mji wetu wenyewe husemwa maana yake ni "tupa uchawi". Basi na tuutupe.

Sumbawanga iko mita zipatazo 1,800 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, kwa hiyo maji huchemka yakifika nyuzi 94 hivi za Selsiasi, wakati pwani huchemka kwenye nyuzi 100. Yakishachemka hayazidi hapo, hata ukirundika mkaa wa gunia zima. Utapata mvuke na hasara.

Dawa haina gharama. Usiku chambua maharage, osha, loweka katika maji mengi. Asubuhi mwaga maji hayo, weka mapya. Funika sufuria vizuri, na yakichemka punguza moto, kwani maji yanayotokota polepole yana joto lile lile la yanayofoka. Nyanya na ndimu zisubiri maharage yaive, maana uchachu huzuia yasilainike. Tena muulize muuzaji ni ya msimu gani. Yaliyokaa sana ghalani penye joto huwa sugu.

Magadi? Yanalainisha upesi, lakini huharibu vitamini B1.

Mama anayenunua mkaa wa kupima ananielewa. Mkaa ukimwishia maharage hayajaiva, watoto ama watalala na ugali mkavu, ama watakula nusu mbichi. Na hapo pana hatari: maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili ambayo huisha kwa kuchemshwa barabara. Asiyeyaivisha hukesha akitapika na kuhara. Basi yachemke kweli kweli, na usiyaepue mpaka yapondeke kwa vidole.

Maharage ndiyo nyama ya mnyonge. Tusiyakimbie kwa kukosa bakuli la maji usiku mmoja.

Na yule jirani? Siku hizi analoweka yeye mwenyewe kabla ya kulala. Nyumba imetulia.

Kwaheri, hadi wiki ijayo.