Jirani Akikuuliza Kuhusu Uvumi wa Chanjo

  Mweke mtoto vizuri, kaa kidogo, tuzungumze.

Leo ninasema na wewe ambaye umekwisha kumpeleka mtoto wako kliniki akapata chanjo. Jirani zako wanakuamini, nao hukuuliza mambo. Siku moja mkiteka maji, au mkingojea maziwa ya ngamia yafike sokoni, mama mmoja atakuuliza kwa sauti ya chini: "Dada, ni kweli matone ya polio yana dawa ya kufunga uzazi?"

Utamjibuje? Wengi wetu hucheka. Wengine husema, "Wacha ujinga!" Basi yule mama hunyamaza. Lakini hakunyamaza kwa sababu ameridhika. Wachanjaji wakipita, atamficha mtoto chumba cha ndani, wala hatakuuliza tena.

Hasara yake ni kubwa. Polio ndio ule ugonjwa ambao Wasomali huuita dabeysha, yaani upepo. Mwisho wa mwezi wa Aprili 2013, mtoto msichana wa miezi 4 alipooza karibu na Dadaab. Mwaka huo Kenya ilipata wagonjwa 14, na jirani zetu wa Somalia 194. Polio haina dawa ya kuiponya. Tena inajificha: katika watu 200 walioambukizwa, ni kama mmoja tu anayepooza. Wengi wa wale wengine hawaonyeshi dalili yoyote, lakini hutoa virusi kwa choo. Kwa hivyo mtoto aliyefichwa anaweza kuambukizwa na kuambukiza wengine, na mama yake asijue.

Sasa, jirani akikuuliza, fanya hivi.

Kwanza, msikilize mpaka amalize. Kuuliza si ujinga. Anauliza kwa sababu anampenda mtoto wake, kama wewe unavyompenda wako. Mwulize ameyasikia wapi, na ni jambo gani hasa linalomtia hofu.

Pili, mjibu kwa ufupi, kwa mambo anayoweza kuyaona mwenyewe. Mwambie hivi: "Mpango wa chanjo wa Kenya ulianza mwaka 1980. Wasichana waliopewa matone miaka ile leo ni mama, na wengine ni nyanya. Kama matone yangefunga uzazi, watoto hawa wote wangetoka wapi?"

Tatu, usifiche ukweli. Huenda akakuuliza, "Mbona nasikia chanjo yenyewe inaweza kuleta polio?" Usiseme ni uwongo mtupu. Matone yana kirusi hai kilichodhoofishwa. Mahali ambapo watoto wengi hawajachanjwa, kirusi hicho kikizunguka kwa muda mrefu kinaweza kubadilika na kurudiwa na nguvu. Polio ya namna hiyo iligunduliwa kambini Hagadera mwaka 2023. Kinga yake ni kuhakikisha watoto wote wamechanjwa, ili kirusi kikose pa kupita. Ukimficha jambo hili naye akalisikia kwingine, hatakuamini hata kwa yale mengine.

Nne, usilolijua, sema hulijui. Kisha mwandamane pamoja mpaka kliniki mkamwulize muuguzi. Kumsindikiza ni bora kuliko kumwambia "nenda kaulize".

Na yule anayesimama mbele ya watu akieneza uvumi kwa makusudi? Usigombane naye. Mkipigiana kelele, uvumi utawafikia hata wale ambao hawakuwa wameusikia. Sema neno moja la kweli kwa upole, kisha zungumza na wale waliobaki na wasiwasi. Wala usipeleke mbele ujumbe wa simu ambao huna hakika nao.

Mama, swali likijibiwa kwa heshima, mlango hufunguka. Mwaka 2003 jimbo la Kano, kaskazini mwa Nigeria, lilisimamisha chanjo ya polio kwa uvumi huu huu wa uzazi. Ugonjwa ukaenea, ukavuka mipaka hadi nchi nyingine nyingi. Matusi hayakumaliza jambo lile. Chanjo ilipimwa, viongozi wa dini na wa jamii wakashirikishwa, na chanjo ikanunuliwa Indonesia, nchi ya Waislamu, ili watu wawe na imani nayo. Mwaka 2004 Kano ikaanza tena kuchanja. Mwezi wa Agosti 2020, Afrika ikatangazwa kuwa imetokomeza polio ya asili. Lakini watoto walikuwa wamekwisha kupooza katika muda ule wa kungojea majibu.

Kumbuka, mtoto hupewa matone ya polio anapozaliwa, kisha akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Katika wiki ya 14 hupata na sindano ya polio. Tazama kijitabu chake cha kliniki leo. Na wakati wa kampeni, matone hutolewa tena kwa watoto wadogo hata kama walikwisha kupata. Hayamdhuru.

Basi wiki hii, jirani akikujia na swali, usimcheke. Mpe mkeka, mpe chai, umsikilize. Huenda mguu wa mtoto wake ukaokolewa na jibu lako.