Siku Moja Nachingwea

Leo twapenda kuwachukua hata Nachingwea, mji wa wakulima katika nchi ya Wamwera, kusini mwa Tanzania. Tulifika mwezi wa Juni, alfajiri, umande ungali juu ya majani na baridi ikituuma mikono. Mji ulikuwa kimya. Tulisikia jogoo, na mahali fulani mchi kinuni, basi.

Mgeni hangedhani kwamba mji huu ulikusudiwa makuu. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango wa karanga. Eka zaidi ya milioni 3 zilitakiwa, na Nachingwea ilikuwa mojawapo ya mahali palipochaguliwa, pamoja na Kongwa na Urambo. Matrekta yakaja, miti ikang'olewa, reli ikajengwa. Lakini mvua haikufuata hesabu za London, na mitambo ikaharibika. Januari 1951 mpango uliachwa, pauni milioni 36 hivi zimekwisha kupotea. Bandari ya Mtwara, iliyojengwa kwa ajili ya karanga hizo, ilifunguliwa mwaka 1954! Reli nayo ilifungwa mwaka 1962, na vyuma vyake vikang'olewa.

Shambani tulimkuta mzee mmoja na ufuta wake. Ufuta hukatwa kabla haujakauka kabisa, kwani maganda yakipasuka ungali umesimama shambani, mbegu zote humwagika, na mwenye shamba hubaki na mabua. Hufungwa matita, ukasimamishwa ukauke; kisha kila tita hupinduliwa juu ya turubai na kupigwa polepole. Tulisimama tukitazama mbegu zikimiminika, na sauti yake ni kama mvua ndogo juu ya makuti.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba, wajukuu zangu. Karibuni.”

Alituambia kwamba utotoni walikuwa wakikimbilia gari la moshi. Tukamwuliza kama alisikitika lilipokoma. Akacheka.

“Lile lililetwa kwa karanga za wenyewe. Ufuta huu ni wangu.”

Wake, ndiyo, lakini bei yake haijui bado. Angoja mnada wa ushirika, chini ya RUNALI, jina lililotungwa kwa Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Na nyumbani wajukuu wangoja sare za shule. Alituomba radhi, akalishika tita jingine, maana upepo ulikuwa umeanza kuinuka.